Tabasamu lililobaki hotelini

Jumamosi moja asubuhi nilirudi kutoka zamu ya usiku nikawakuta watoto wanacheza barazani, nyumbani kwetu Chikongola, mjini Mtwara. Binti yangu wa miaka minane alikuwa amejifunga kanga kama sketi, na mtoto wa jirani ameshika begi la shule.

"Karibu sana, pole na safari. Chumba chako kiko tayari. Utapenda cha kuangalia bahari au bustani?"

Alikuwa ananiiga mimi, neno kwa neno. Nikajibanza kwenye kona ya nyumba nikicheka kimyakimya. Kisha mwenzake akamuuliza, "Na mama yako akirudi nyumbani anasemaje?"

Binti akavua ndala, akajitupa mkekani na kugeukia ukutani. "Msinisemeshe. Nimechoka."

Kicheko kiliniishia palepale.

Mimi ni ofisa uhusiano wa wageni katika hoteli moja kubwa hapa Mtwara, zaidi ya miaka kumi sasa. Wengi hudhani ni kazi ya mapokezi. Mtu wa mapokezi anaandikisha, anachukua malipo na kutoa ufunguo. Kazi yangu mimi ni mgeni mwenyewe. Napitia orodha ya wanaoingia: nani aliwahi kulala kwetu, nani hali nyama, nani ana mtoto mchanga, nani aliomba chumba cha mbali na jenereta. Naingia chumbani kabla yake kujaribu kiyoyozi na maji ya moto. Akiwa na lalamiko, linakuja kwangu. Namsikiliza hadi amalize, naomba radhi hata kama kosa si langu, namwambia nitafanya nini na lini, kisha narudi kuhakikisha limefanyika.

Niliingia kazini wakati wa pilikapilika za gesi. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982, lakini ni ujenzi wa bomba la kwenda Dar es Salaam, lililozinduliwa mwaka 2015, uliotujazia vyumba wahandisi na mafundi. Walipoondoka tukabaki na wanunuzi wa korosho msimu unapofika, watu wa semina, na watalii wachache wanaokwenda Mikindani kuona Boma la Wajerumani, au Msimbati, ndani ya hifadhi ya bahari inayofika hadi mdomo wa Mto Ruvuma. Mnunuzi anataka chai saa kumi na moja alfajiri na intaneti isiyokatika. Mtalii anataka kujua maji yatajaa saa ngapi. Wote wananikuta natabasamu.

Sitaki msomaji adhani tabasamu lile ni la uongo. Usiku ule kabla ya mchezo wa watoto, mgeni mmoja alipigiwa simu saa nane usiku kwamba baba yake amefariki. Nilikaa naye hadi alfajiri. Nilimtafutia nafasi kwenye ndege ya asubuhi, nikamsaidia kufunga mizigo, nikamsindikiza hadi kwenye gari. Nilifanya yote kwa moyo wangu. Nilipofika nyumbani moyo wenyewe ulikuwa umekauka.

Kwa miaka mingi nilijitetea kwamba ada za shule na bati za nyumba yetu zimetokana na tabasamu hilo. Ni kweli. Lakini binti yangu hakuwa anauliza habari ya ada.

Jioni nilimsimulia mume wangu, nikitegemea ataniambia watoto wana utani tu. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mama watoto, hata mimi nimekuwa nasubiri zamu yangu."

Sikulala vizuri. Nilifikiria kuwachukua wa nyumbani kama wageni: karibuni, poleni, mnahitaji nini? Nikajaribu siku mbili nikaona haiwezekani, na wala haifai. Mgeni haruhusiwi kujua kwamba nimechoka. Mwanangu anaruhusiwa. Tatizo langu lilikuwa kwamba nilimwonyesha uchovu bila kumpa sababu yake, wala kumwambia utaisha lini.

Basi nikachukua kitu kimoja tu kutoka kazini. Nikirudi, nasimama mlangoni na kusema ukweli: "Usiku kulikuwa na msiba hotelini, nimechoka sana. Nitalala hadi saa saba, kisha tutapika wote." Ikifika saa saba naamka, hata kama macho yanauma. Siku nisipoweza, naomba radhi, kama ninavyomwomba mgeni.

Kama nyumbani kwako yupo anayeshinda akipokea watu, awe muuguzi, karani wa benki au mhudumu wa hoteli, usimshangae akirudi amenuna. Muulize leo amempokea nani. Na kama ni wewe, usiwaache watoto wakisie.

Binti yangu bado anacheza hoteli. Juzi nilimsikia tena akijitupa mkekani: "Nimechoka, nitaamka saa saba."

"Kweli ataamka?" mwenzake akauliza.

"Huwa anaamka," akajibu, akaendelea kupanga vyumba.