Kutafuta Nchi Mpya: Tarumbeta la Lee Morgan Nyumbani Kwetu

Ukurasa huu mara nyingi huzungumzia mgao, shule, afya na malezi. Mwezi huu tunaomba tuzungumzie muziki, yaani santuri mbili za mpiga tarumbeta wa Marekani, kwa sababu zimeleta maneno ndani ya nyumba yetu, na tunadhani si kwetu tu.

Hali yenyewe ni hii. Kifungua mimba wetu alipata nafasi ya kuhamia Marekani. Sisi na wadogo zake bado tunasubiri. Alitutumia memori kadi yenye nyimbo nyingi, na mdogo wake wa miaka 15, ambaye hupuliza tarumbeta katika fanfari ya kanisa, tangu siku hiyo hana habari na kitu kingine. Baba anafurahi, maana naye alipuliza kanisani kule Kongo. Mama anauliza: tarumbeta litamletea ugali? Tukakubaliana kwanza tusikilize wote pamoja jioni, na tujue huyo anayesikilizwa ni nani, halafu ndipo tuseme ndiyo au hapana.

Muziki wenyewe ni jazi ya aina inayoitwa hadibopu. Ulishika nguvu miaka ya 1950 kati ya Wamarekani weusi, nao una harufu ya kanisa na ya bluzi. Ukisikiliza kwa utulivu si mgumu. Tarumbeta na saksafoni hutangulia kupiga wimbo pamoja, kama kiitikio cha kwaya. Kisha kila mmoja hupewa nafasi aseme yake, wengine wakimshikilia kwa nyuma. Mwisho wote hurudi kwenye wimbo. Ni kama kikao cha wazee: kila mtu anapata zamu, na hakuna anayeondoka kabla ya neno la mwisho.

Lee Morgan alizaliwa Philadelphia tarehe 10 Julai 1938. Tarumbeta lake la kwanza alipewa na dada yake alipofika miaka 13. Akiwa na miaka 18 tu alikuwa tayari katika bendi kubwa ya Dizzy Gillespie, na mwaka 1956 huohuo akarekodi santuri kwa jina lake mwenyewe. Mwaka 1958 akaingia Jazz Messengers ya mpiga dramu Art Blakey. Wimbo wao Moanin', uliotungwa na mpiga piano Bobby Timmons, unaanza kama mchungaji na waumini: piano inasema, wengine wanaitikia. Mama aliposikia hapo akasema, "Kumbe hawa nao ni watu wa kanisa!"

Lakini hatukuwaficha watoto sehemu mbaya. Morgan aliingia katika heroini, dawa ya kulevya inayomfunga mtu. Mwaka 1961 aliondoka kwa Blakey akarudi kwao Philadelphia, na kwa muda hakusikika sana. Kijana mwenye kipawa kama hicho! Tuliongea jambo hili waziwazi, kwa sababu hata hapa kambini tunawajua vijana wanaoanza na gongo au bangi kwa kuwa siku ni ndefu na kazi hakuna.

Kisha akarudi New York. Tarehe 21 Desemba 1963 alirekodi The Sidewinder, akiwa na Joe Henderson kwenye saksafoni, Barry Harris piano, Bob Cranshaw besi na Billy Higgins dramu. Nyimbo zote tano ni za kutunga mwenyewe. Wimbo wa kwanza una dakika zaidi ya kumi, na mdundo wake ni wa kuchezeka. Hata bibi, mama mzazi wa Baba, alianza kutikisa bega. Santuri hiyo iliuzwa sana, kuliko kampuni yake Blue Note ilivyozoea.

Na kampuni hiyo nayo ina habari ya kutugusa. Blue Note ilianzishwa New York mwaka 1939 na Alfred Lion, mzaliwa wa Berlin, akishirikiana na wenzake. Mwaka huohuo rafiki yake Francis Wolff, Myahudi, aliukimbia utawala wa Hitler akamfuata huko. Wolff alikuwa mpiga picha, na picha zake ndizo tunazoziona kwenye majalada ya santuri nyingi za Blue Note. Kwa hiyo sauti ya watu weusi wa Marekani ilihifadhiwa kwa mikono ya mtu aliyekuwa mkimbizi kama sisi. Kijana wetu hakuamini mpaka tukarudia mara mbili.

Santuri ya pili ndiyo inayokaa moyoni mwetu. Inaitwa Search for the New Land, maana yake Kutafuta Nchi Mpya. Ilirekodiwa tarehe 15 Februari 1964. Ndani yake kuna wimbo uitwao Mr. Kenyatta, kwa heshima ya Jomo Kenyatta, kwani Kenya ilikuwa imepata uhuru miezi miwili tu kabla, tarehe 12 Desemba 1963. Fikirini, ndugu: kijana wa Philadelphia, ambako weusi walikuwa bado wanadai haki zao, anaitazama Afrika Mashariki na kuipigia tarumbeta.

Wimbo unaoibeba santuri una karibu dakika 16. Unaanza polepole, kama watu wanaotembea alfajiri bila kujua njia. Wayne Shorter wa saksafoni, Grant Green wa gitaa, Herbie Hancock wa piano na Morgan mwenyewe hupeana nafasi, na ule wimbo wa huzuni hurudi tena na tena katikati yao. Mama, ambaye alikuwa hataki, ndiye sasa anayesema, "Weka ule wa safari." Anasema akiusikia anamwona mtoto wetu uwanjani, na begi lake.

Jambo jingine: santuri hii ilirekodiwa 1964 lakini ilitoka 1966. Ilikaa kabatini miaka miwili. Nasi faili letu limekaa zaidi ya hapo. Hatusemi kuwa kusubiri ni kuzuri. Tunasema tu kwamba kilichopigwa vizuri hakikuharibika kwa kusubiri.

Mwisho wa Morgan ni wa kusikitisha. Helen, mwanamke aliyeishi naye na aliyemsaidia kusimama tena baada ya heroini, alimpiga risasi katika klabu ya Slugs' huko New York, tarehe 19 Februari 1972. Theluji ilichelewesha gari la wagonjwa. Alikuwa na miaka 33. Ugomvi wa nyumbani ukikutana na silaha, hakuna wa kurudisha nyuma.

Basi tumeamua nini? Kijana wetu atapuliza, baada ya masomo na kazi za nyumbani, na chombo cha kanisa atakirudisha kila jumapili kikiwa kimefutwa. Mama ameongeza sharti moja: marafiki zake wa muziki waje nyumbani tuwajue sura. Kaka yake akipiga simu, mdogo anampigia kipande cha ule wa safari. Bado anakosea, lakini yule wa Marekani hunyamaza mpaka mwisho.

Wazee mliopuliza tarumbeta huko tulikotoka, msikae nalo kifuani. Jitokezeni kwenye fanfari muwafundishe hawa watoto, maana hatujui nani ataondoka mwezi ujao na nani atabaki.

Tunawatakia amani katika nyumba zenu.

Baba na Mama wa familia moja kambini