Herufi ya Pili ni Vita

Usishtuke. Sisemi juu ya vita vya mapanga. Vita ni jina la herufi ya pili ya Kigiriki, ile ambayo mwalimu wetu wa fizikia huiita beta. Tangu muhula wa kwanza ninajifunza Kigiriki cha Agano Jipya, kila Jumamosi alasiri hapa hapa Kabiria, kwa jirani yetu mmoja aliyekisomea seminari.

Darasani wananicheka. "Wee, Kigiriki kitakupeleka wapi?" Hayo si kitu. Swali zito lilitoka kwa baba. Wazee wetu, alisema, walimkimbia mmishonari Mwingereza ili sisi tumwangukie Mgiriki?

Baba hakusema ovyo. Miaka ya 1930, Wakikuyu waliofarakana na wamishonari waliunda kanisa lao, kina Arthur Gatung'u Gathuna wakiwa mstari wa mbele, na mwaka 1946 wakapokewa na Upatriaki wa Alexandria. Wakati wa Hali ya Hatari mkoloni akayafunga makanisa yao. Seminari ya Kiorthodoksi iliyoko Riruta ilikuja baadaye: Askofu Mkuu Makarios wa Tatu, aliyekuwa pia rais wa Saiprasi, aliweka jiwe la msingi mwaka 1971, na masomo yakaanza mwaka 1982.

Aliyemjibu baba ni cucu. "Wale walitoka kwa sababu walichoka kusomewa," alisema. "Mwache mtoto ajisomee." Baba akanyamaza, lakini uso wake ulikuwa bado haujakubali.

Basi nikaendelea. Herufi ni 24, na nusu yake tunazijua kutoka hisabati bila kujua kwamba tunazijua: pi, theta, sigma, lamda. Matamshi nayo, ama kwa kweli, ni kama tuliwekewa akiba. Ghama ni gh ya ghali, dhelta ni dh ya dhahabu. Mkikuyu anayetamka jina Gathuna kama lilivyo amekwisha kuzisema zote mbili! Kinachotutesa ni thita, kwa maana wengi wetu hata thelathini huwa "dhelathini". Maneno mengine yalishatufikia kwa njia ndefu: kalamu na daftari tulizipata kwa Waarabu, nao asili yake waliitoa kwa Wagiriki.

Vitenzi havinitishi. Lio ni nafungua, liis ni unafungua, lii ni anafungua. Sisi twamweka mtendaji mbele, wao humweka nyuma, basi. Ngeli ni tatu tu, na aliyepita katika KI-VI na U-ZI hawezi kulia kwa ngeli tatu. Vita halisi viko kwenye nomino, kwani mkia wake hubadilika kulingana na kazi yake katika sentensi. Mungu akitenda ni theos, akitendwa ni theon, kitu kikiwa cha Mungu ni theu. Nilizikariri hizo nikiteka maji, nikipanga foleni dukani, hata ndani ya matatu, abiria wakinitazama kama niliyerukwa na akili.

Sasa, ukutani kwa cucu kuna picha ya Mama Maria yenye herufi MP upande mmoja na ΘY upande wa pili. Binamu yangu hushikilia kwamba MP ni mbunge. Cucu ameitazama picha hiyo miaka mingi, na siku hizi macho yake yana ukungu. Jumapili moja mwezi wa Juni akaniita. "Mjukuu wangu, nisomee kabla giza halijaingia kabisa."

Nikaishusha picha, nikamshika kidole nikakipitisha juu ya herufi. Hii si P, cucu, ni ro. Kila neno limeandikwa herufi ya kwanza na ya mwisho tu. Mitir. Theu. Mama wa Mungu. Theu ile ile niliyoikariri nikiteka maji!

Cucu alirudia, mitir, theu, mara tatu, akiweka kidole chake mwenyewe. Baba alikuwa pale mlangoni na gazeti lake, na kwa muda mrefu hakugeuza ukurasa. Kisha akaja, akaielekeza picha nyingine, ile ya Kristo, kwenye taji la nuru.

"Na hizi tatu hapa?"

"Zinatokana na kitenzi kuwa, baba. Lakini umbo hilo bado sijalifikia."

"Utalifikia lini?"

Nikamwambia labda Agosti, fizikia ikiniruhusu.