Mume Wangu, Ticha wa Fizikia

Mpenzi msomaji, mume akikuambia "mke wangu, kaa chini tuongee", moyo lazima udunde. Mimi siku ile nilijiandaa kwa mengi: nyumba ndogo, mtoto wa nje, deni la kausha damu. Sikujiandaa kwa hili: "Nataka kuacha benki nikawe mwalimu wa fizikia."

Nilicheka. Nikangoja na yeye acheke. Hakucheka.

Hebu jiweke kwenye nafasi yangu. Nyumba ya kupanga Mbezi Beach, ada ya mtoto, mafuta ya gari, na wazazi wa pande mbili wanaotutegemea. Halafu mwenye mshahara mkubwa ndani ya nyumba anataka kwenda kushika chaki! Nilimpigia shosti wangu usiku ule ule. Akaniambia, "Wanaume wa wenzio wanapanda ngazi, wako anashuka? Mwombee." Nikanuna siku mbili. Chai naandaa, neno sitoi.

Siku ya tatu nikaona nimpe njia ya mkato. Baba watoto ana shahada ya sayansi, alisoma fizikia na hesabu. Nikamwambia, "Kama shida yako ni kufundisha, si uombe kipindi kimoja cha Jumamosi kwenye shule ya jirani, roho yako itulie? Digrii si unayo?"

Akatabasamu. "Mke wangu, unadhani digrii inatosha?"

Kusema kweli, ndivyo nilivyodhani. Wengi wetu tumekua tukisikia kwamba ualimu ni kazi ya waliokosa pengine pa kwenda. Akachukua karatasi akanichorea, na mimi mhariri mzima mwenye shahada ya mawasiliano nikakaa kimya kama mwanafunzi.

Njia ya kwanza ni ya anayetoka kidato cha sita. Anasoma Shahada ya Sayansi na Elimu kwa miaka mitatu, iwe Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, DUCE pale Chang'ombe, Mkwawa kule Iringa au Dodoma. Lakini mlango haufunguki kwa kila mtu. Ni lazima uwe na angalau principal pass mbili, na kwa anayetaka kufundisha fizikia, fizikia yenyewe iwemo, pamoja na somo lingine kama hesabu au kemia, kwa sababu mwalimu wa sekondari huandaliwa kufundisha masomo mawili. Pointi za chini kabisa ni 4, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Maana yake D mbili zinakufikisha mlangoni, lakini chuo kinaweza kudai zaidi. Humo chuoni unasoma somo lenyewe na namna ya kulifundisha, kisha unapelekwa shuleni kwa mazoezi, mkaguzi amekaa nyuma ya darasa na kalamu yake.

Njia ya pili ni stashahada kwenye vyuo vya ualimu kama Kleruu au Korogwe. Nayo inamtaka aliyefaulu masomo ya sayansi.

Njia ya tatu ndiyo yake. Mwenye shahada isiyo ya ualimu anasoma Stashahada ya Uzamili ya Elimu, wenyewe wanaiita PGDE, mwaka mmoja akisoma muda wote. Saikolojia ya mwanafunzi, mitaala, upimaji, mbinu za kufundisha, na mazoezi ya darasani. "Fizikia ninayo," akasema. "Ninachokosa ni kujua kwa nini mtoto haelewi."

Hiyo sentensi ilinichoma. Ngoja nikuambie kwa nini.

Mimi nilianza kidato cha kwanza mwaka 2006, shule za kata zinachipuka kila kona na walimu hawatoshi. Unawakumbuka walimu wa "voda fasta"? Vijana waliotoka kidato cha sita juzi, wakapigwa msasa wa wiki chache, wakapewa darasa. Wa kwetu wa fizikia alikuwa mpole na alijitahidi, lakini baada ya miezi michache alipata nafasi chuo kikuu akaondoka. Hakuja mwingine. Kipindi cha fizikia kikawa kipindi cha kusuka nywele na kupiga soga. Kidato cha tatu tulipoambiwa tuchague, nikaiacha fizikia bila kujiuliza mara mbili. Nikaenda HGL, nikaenda chuo, leo uko nami kwenye ukurasa huu.

Miaka yote nimesema "mimi sina kichwa cha sayansi." Usiku ule, nikiiangalia karatasi ya mume wangu, nikajipima kwenye zile njia tatu. Hakuna hata moja inayonipokea! Shahada ninayo, lakini haina fizikia ndani. Kidato cha sita nimefaulu, lakini kwa historia na lugha. Ningetaka leo kuwa mwalimu wa fizikia, ningerudi kuanzia kwenye mtihani wa kidato cha nne. Mlango ulifungwa nikiwa na miaka kumi na minne, na haukufungwa na kichwa changu. Ulifungwa na kiti kitupu cha mwalimu. Na mimi ni mmoja tu. Darasa zima la wasichana na wavulana lilifungiwa siku ile, na ndani yetu huenda alikuwemo mwalimu ambaye angewafundisha wengine.

Bado sikusema ndiyo. Jumamosi iliyofuata binti wa jirani, wa kidato cha pili, alikuja na daftari. "Anko, hapa sielewi." Baba watoto akaleta betri za tochi, nyaya na vibalbu viwili. Akaviunga kwa mfuatano, kimoja baada ya kingine. Vikawaka kwa unyonge. Akamwambia achomoe kimoja. Vyote vikazima. Kisha akaviunga sambamba, kila kimoja na njia yake kwenye betri. Vikawaka vizuri, na kimoja kilipochomolewa kingine hakikuyumba. "Ndiyo maana taa ya jikoni ikiungua, ya sebuleni haizimi," akamwambia. Yule binti akapiga makofi. Mimi nilikuwa mlangoni na kikombe cha chai, nina miaka thelathini na tatu, na nilikuwa nimeelewa kwa mara ya kwanza.

Usiku nikamwambia, "Haya. Lakini tupige hesabu."

Maana mapenzi bila hesabu ni kesi, msomaji wangu. Tulijipa miezi kumi na minne ya kuweka akiba kabla hajaandika barua ya kuacha kazi. Gari tumeuza. Mbezi Beach tumehama, sasa tuko Kimara na mwendokasi nimeuzoea. Wazazi tuliwaambia wenyewe kabla hawajasikia mtaani. Mama mkwe alinyamaza kidogo, akasema, "Mwanangu, hata huyo meneja wake alifundishwa na mtu."

Ninavyoandika haya, yuko kwenye mazoezi ya kufundisha. Anarudi na vumbi la chaki kwenye shati na anasahihisha hadi saa tano usiku. Hasira zile za Jumapili jioni, akiiwaza Jumatatu, sizioni tena. Je, naogopa? Naogopa sana. Cheti cha PGDE si ajira. Serikalini ataomba kama wengine na atafanyiwa usaili, na akipata, mshahara hautafanana na wa benki. Mwezi uliopita tuligombana kwa sababu ya mtungi wa gesi, tukajua wote wawili kwamba hatugombanii gesi.

Kwa hiyo wewe ambaye mwenzako kakuletea ndoto inayokutia kichefuchefu, usiseme ndiyo haraka, na usinune siku mbili kama mimi. Mwambie akuonyeshe masharti: anatakiwa awe na nini, anakosa nini, itachukua muda gani, itagharimu shilingi ngapi. Ndoto ya kweli ina majibu hayo. Na kama mna mtoto anayesema hana kichwa cha sayansi, kabla hamjakubali, ulizeni kwanza kama ana mwalimu.

Yule binti wa jirani amechagua kuendelea na fizikia kidato cha tatu. Juzi kanipigia simu kunipa habari. Nikampongeza, nikakata simu, nikalia kidogo jikoni. Taa ya sebuleni ilikuwa imeungua. Ya jikoni ilikuwa inawaka.

Tukutane mwezi ujao.