Picha niliyoifuta

Najua nilikuwa kimya kama maji ya mtungini. Msinilaumu, mitihani ilitubana kweli kweli, kisha nikaenda nyumbani likizo. Sasa nimerudi kampasi, mwaka wa tatu ndo huo umeanza. Leo nina kisa cha picha moja.

Ugonjwa wangu mnaujua. Kamera sina, nina simu tu, ila mkono hautulii. Na sipendi zile picha za "simama hapa, haya cheka". Mtu akishaambiwa cheka anatoa meno tu, macho hayapo. Mimi napenda za kuvizia: mama lishe anapuliza moto, jamaa anakimbilia daladala na kandambili moja imebaki nyuma.

Kichwa kilivimba zaidi nilipomsoma Mfaransa Henri Cartier-Bresson. Bwana yule alizunguka na kamera ndogo ya Leica, sehemu zinazong'aa kazifunika kwa tepu nyeusi ili watu wasimshtukie. Mwaka 1932, nyuma ya stesheni ya Saint-Lazare huko Paris, alipenyeza lenzi kwenye upenyo wa uzio akamnasa mtu anaruka dimbwi, kisigino kimebakiza kidogo tu kugusa maji. Kitabu chake cha 1952 kinaitwa Images à la sauvette. Rafiki yangu anayesoma Kifaransa akaniambia maneno hayo husemwa kwa wauzaji wa barabarani wasio na leseni, wanaouza huku wako tayari kukimbia. Nikacheka sana. Kumbe ni machinga na mgambo! Nikasema hapa ndo kwangu.

Basi, siku matokeo ya semista ya pili yalipotoka tulikuwa vimbwetani, mimi na rumeti wangu. Yeye anafungua matokeo kwenye simu, mimi namwangalia. Jua la saa kumi na moja linapenya kwenye majani linampiga usoni. Nikainua simu yangu. Ghafla mkono wake ukaenda mdomoni, macho yakajaa maji. Nyuma yake dada mmoja, bila shaka kafaulu, karuka juu mikono hewani. Nikabonyeza mara moja tu. Kilio na shangwe ndani ya picha moja!

Jamaa alikuwa amepata sapu mbili.

Na mimi, Mungu anisamehe, kitu cha kwanza nilichofanya ni kuangalia kama picha imetulia. Imetulia vizuri mno. Nilipoinua kichwa nikakuta ananitazama.

"Umenipiga?"

"Ndiyo."

"Mzee kauza ng'ombe nije kusoma hapa, naanza kuwaza nitamwambia nini, wewe unapiga picha? Futa bwana."

Hakugomba, na ndo kilichoniumiza. Nikafuta mbele yake, nikaingia mpaka kule picha zilizofutwa zinakokaa, nikafuta na huko.

Usiku nikawa najitetea kitandani. Mbona Cartier-Bresson hakumwomba ruhusa yule mruka dimbwi? Lakini yule anaonekana kama kivuli tu, sura yake huijui. Huyu wangu nalala naye chumba kimoja, na alikuwa anahitaji mtu wa kumshika bega. Tena mimi nasomea ualimu. Nikiwa BTP, mtoto akikwama ubaoni darasa zima likamcheka, nitatangulia kufanya nini? Kuvizia nitaendelea, siwadanganyi. Ila siku hizi nikiona machozi, simu inakaa mfukoni kwanza.

Sapu zake kazifanya, zote kapita. Juzi tunakula chipsi mayai akaniuliza, "Hivi ile picha ulifuta kweli?"

"Si ulisema nifute?"

Akatafuna kidogo. "Sasa hivi ningependa kuiona." Halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka akapaliwa, macho yakajaa maji tena, anagonga meza kwa kiganja, muuza chipsi naye kageuka anacheka asichokijua.

Simu yangu ilikuwa chumbani inachaji.

Nyie wadau mngeifuta? Haya, nakimbia kipindi cha saa mbili.