Barua kutoka Singida: Mfamasia Kando ya Kitanda

Mdogo wangu mpendwa,

Nimefika Singida salama, ila midomo imepasuka kwa upepo, maana upepo wa mji huu hauchoki asubuhi wala jioni. Basi lilitoka Dodoma alfajiri, tukapita mashamba ya mpunga ya Bahi, tukaupanda mlima wa Saranda hadi Manyoni. Kuanzia Ikungi ni alizeti na mawe, mawe makubwa yaliyopandana hata unajiuliza nani aliyapanga. Mama mwambie kuku wa huku hajasingiziwa sifa. Nimemla na ugali wa mtama, kaungwa kwa mafuta ya alizeti yaliyokamuliwa hapa hapa.

Sasa lile swali lako. Umesoma miaka minne ya famasia, mwaka wa interni unakaribia kwisha, na unataka kujua ubobee kwenye nini. Jibu langu limeivia huku: nenda ICU, chumba cha wagonjwa mahututi.

Unaukumbuka ule mkopo wa IMF wa mwaka 2021, shilingi trilioni 1.3 za kukabiliana na athari za UVIKO-19? Sehemu yake ilijenga majengo ya dharura na ICU katika hospitali nyingi nchini, ikaleta na mitambo ya oksijeni. Nimefurahi sana kuona vitanda vya wagonjwa mahututi vimesogea karibu na wananchi, maana kutoka hapa hadi Dodoma ni kama kilomita 240, na mgonjwa aliyepoteza fahamu hazimudu kirahisi. Lakini kitanda cha namna hiyo kina dawa nyingi kuliko kitanda kingine chochote hospitalini, na nyingi kati yake hazisamehe kosa.

Nilikaa na mfamasia mmoja wa hospitali ya mkoa huu, binti wa rika lako. Ana dirisha la dawa, ana stoo, ana oda za Bohari ya Dawa (MSD) za kuandaa, na bado kila asubuhi huiba dakika chache akafuata raundi ya madaktari. Ndani ya dakika hizo nimejifunza kwake mengi kuliko katika semina nyingi nilizohudhuria.

Chukua mama mwenye kifafa cha mimba. Magnesiamu salfeti unaijua: kichupa cha asilimia 50 kina gramu 5 katika mililita 10. Dozi ya kwanza ya mshipani ni gramu 4, kwa hiyo unavuta mililita 8, unaongeza mililita 12 za maji ya sindano, unapata mililita 20 za kusukuma polepole, kwa dakika zisizopungua tano. Hapo hujamaliza. Kabla ya dozi inayofuata lazima mtu agonge goti aone kama linaruka, ahesabu pumzi zisiwe chini ya 16 kwa dakika, aangalie mkojo usipungue mililita 30 kwa saa. Kalsiamu glukoneti iwe imeshawekwa kando ya kitanda. Isiwe ya kukimbiliwa stoo wakati pumzi zimeanza kupungua. Yule binti huiweka yeye mwenyewe, na muuguzi wa zamu anajua ilipo.

Au mkulima aliyefikishwa na sumu ya dawa za shambani, jasho na mate yanamtiririka, kifua kimejaa maji. Atropini anaongezewa mara mbili ya dozi iliyotangulia kila baada ya dakika chache, mpaka kifua kikauke. Usidanganyike na mboni ya jicho. Kifua ndicho kinachoamua. Mgonjwa mmoja wa hivyo anaweza kumaliza akiba yote ya hospitali kwa usiku mmoja. Kwa hiyo mfamasia wa huku, mgonjwa akishapokelewa tu, anahesabu vichupa na kupiga simu hospitali za jirani: Makiungu wana ngapi, Kiomboi wana ngapi, Iambi je?

Kisha kuna mshipa mmoja na dawa nne. Fenitoini ukiichanganya na glukosi inaganda. Seftriaksoni haipatani na dripu ya Ringer, kwa sababu ya kalsiamu iliyomo. Jentamisini kwa figo zinazoshindwa inageuka mzigo mwingine juu ya mgonjwa. Daktari anawaza moyo na mapafu, muuguzi ana vitanda vitatu. Nani anaangalia mpira wa dripu?

Wenzetu walishapima faida ya mtu huyo. Mwaka 1999 Lucian Leape na wenzake walichapisha utafiti wa ICU ya hospitali ya Massachusetts General, Boston. Mfamasia alipojiunga na raundi, madhara yanayozuilika yatokanayo na uandikaji wa dawa yalishuka kwa asilimia 66, kutoka 10.4 hadi 3.5 kwa kila siku 1,000 za kulazwa. Alitoa mapendekezo 366, na madaktari wakayakubali 362. Siku hizi Marekani mfamasia anayetaka kazi hiyo hufanya residensi ya mwaka mmoja ya jumla, kisha mwaka wa pili wa wagonjwa mahututi pekee.

Kwetu Muhimbili wana shahada ya uzamili ya famasia ya hospitali na kliniki, na Nairobi wanayo ya famasia ya kliniki. Anzia hapo. Ila mimi natamani tufike mbali zaidi, tuwe na mwaka kamili wa ICU, residenti akiwa na zamu za usiku kama daktari. Linawezekana: residensi ya tiba ya dharura ilianza Muhimbili mwaka 2010, na leo madaktari wake wanaendesha vitengo vya dharura mikoani.

Na mwaka huo usiishie Dar es Salaam. Miezi kadhaa iwe Singida, au Itigi kwenye hospitali ya St. Gaspar, ambako kipimo cha kiwango cha dawa kwenye damu si cha kutegemea, na unalazimika kupanga dozi kwa mkojo, pumzi na uzito uliokadiriwa. Atakayebobea kwenye mashine tu atapata shida siku umeme ukikatika, na wagonjwa wetu wengi wako huku.

Muda uliobaki wa interni, muombe msimamizi wako akupangie ICU, hata kama wengine wanagombania stoo. Beba daftari, andika kila ushauri unaoutoa na kama umekubaliwa. Ukiomba uzamili, daftari hilo litazungumza kwa niaba yako. Ulizia pia Kamati ya Dawa na Tiba inakutana lini, uingie ukasikilize.

Kesho napanda kuelekea Kiomboi. Lita za alizeti za Mama nimeshazinunua. Mwambie aandae madumu, na wewe nipigie Jumapili nikiwa kwenye mtandao.

Dada yako akupendaye