Miaka 31 Bila Kutrendi

Wasee, wiki hii yote nimekuwa nikiskiza albamu moja tu, na hakuna mtu anaimba ndani yake. Inaitwa Surf Rider!, ya bendi ya The Lively Ones kutoka kusini mwa California, na ilitoka 1963. Ni gitaa, besi, dramu na saksafoni. Kwisha.

Huenda unaijua bila kujua kwamba unaijua. Kama uliangalia Pulp Fiction mpaka mwisho, ile ngoma inayopiga Jules na Vincent wakitoka mkahawani, bastola wamezichomeka kwenye kaptura, hiyo ndiyo Surf Rider yenyewe. Filamu ni ya 1994. Piga hesabu: miaka 31.

Hiyo miaka ndiyo nataka tuiongelee.

Mwaka wa 1963, muziki wa surf ndio ulikuwa unatrendi. Vijana wa California walikuwa wanashinda baharini wakiteleza juu ya mawimbi kwa ubao, jioni wanataka kitu cha kudensi, na kampuni za rekodi zikakimbilia hapo. Del-Fi, lebo ya Bob Keane, iliwatolea The Lively Ones albamu zaidi ya moja mwaka huo huo. Hata hii ngoma si yao. Aliitunga Nokie Edwards wa The Ventures, na The Ventures waliitoa kwanza 1962 kwa jina Spudnik. Halafu Februari 1964 The Beatles wakatua Marekani, na vijana wakahamia huko.

Kwa hivyo ukisema hii ilikuwa kazi ya kufuata upepo, sitabishana. Lakini hebu skiza vile wameicheza. Sauti ya gitaa inapitishwa kwenye kisanduku chenye springi ndani, ndiyo maana inatoka na ule mwangwi wa majimaji, ni kama inapigwa ndani ya pango. Hakuna haraka. Gitaa linabeba melodi polepole kama mtu anayeimba, saksafoni nayo inaipokea. Walikuwa wanafuata upepo, sawa, lakini hawakulipua.

Najua watu wanapenda kumaliza stori kama hii na “vumilia, siku yako itafika.” Mimi zii. Tarantino alichagua ngoma moja. Bendi nyingi za wakati ule hazikuwahi kutafutwa na mtu tena. Kungoja Tarantino si mpango.

Ninachosema ni hiki: ngoma iliyosikika sinema 1994 ni ile ile ya 1963. Hakuna aliyeirudia studio. Kama ilikuwa kali 1994, basi ilikuwa kali pia 1975, na 1985, wakati karibu hakuna aliyeiulizia. Kilichoongezeka ni masikio tu.

Mimi hutengeneza video, kwa hivyo najua ile kuamka saa nane usiku kuangalia namba. Ukipata watazamaji 40, unaanza kuamini kazi yako ni ya thamani ya 40. Na hapo ndipo tunapoumia, kwa sababu hiyo namba inakuambia ni wangapi walipita. Haikuambii ulitengeneza nini.

Rafiki yangu ni prodyuza. Mwezi jana alitoa mtandaoni biti zake tisa kwa mpigo, ati hakuna hata moja iliyofikisha watu mia. Biti tupu, hazina maneno, hazina msanii mkubwa. Mbili kati ya hizo bado najipata nikizivumisha nikingoja matatu. Hakuna kitu kwenye simu yake kinachoweza kumwonyesha hivyo.

Kwa hivyo tafuta hii albamu, geuza simu kioo kiangalie chini, uiskize yote. Na wewe ndugu yangu, unajijua: kama hizo faili bado ziko kwa laptopu, nitumie leo.