MAJI YALIYOTULIA



Likizo ya Desemba inakaribia, na najua vijana wengi mmeanza kuchanga nauli ya kwenda Pwani. Endeni, mkaone kazi ya mikono ya Mungu. Lakini leo nina neno na wewe kijana wa Kisii na Nyamira, uliyejifunza kuogelea Mto Gucha, na hata wewe ambaye maji mengi zaidi uliyowahi kuingia ni ya beseni.

Mwezi wa Agosti nilikuwa Malindi kwa mkutano wa wachungaji. Asubuhi moja nikatembea ufuoni kuelekea upande ambao Mto Sabaki unaingia baharini. Ufuo mpana, mchanga wa kahawia, watu karibu hakuna. Vijana watatu tu walikuwa majini na zile mbao za kuteleza juu ya mawimbi. Nikamuuliza mzee mmoja aliyekuwa akishona nyavu, "Baba, mbona hapa hakuna watu?" Akanijibu, "Mwanangu, hapa ni pa wenye kujua."

Akanieleza. Sehemu kubwa ya pwani yetu imekingwa na mwamba wa matumbawe. Mawimbi yanavunjikia huko mbali, na wewe unaogelea salama kana kwamba uko bwawani. Lakini Sabaki huleta maji baridi na tope jingi, na matumbawe hayapendi tope. Kwa hiyo hapo ukuta una pengo, na msimu wa kusi bahari inafika mchangani na nguvu zake zote.

Nikawatazama wale vijana. Mmoja wao alikuwa amesimama mchangani kwa muda mrefu akisoma maji kabla ya kuingia. Walipokuwa ndani, waliacha mawimbi mengi yapite. Walingoja lao.

Kisha yule mzee akanionyesha kitu ambacho sitaki ukisahau. Kati ya mawimbi palikuwa na njia iliyotulia, haina povu. Mgeni angesema hapo ndipo pa kuogea. Kumbe hapo ndipo maji yanaporudi baharini kwa kasi, na huchukua mtu! Ukishikwa na mkondo huo usishindane nao kurudi moja kwa moja ufuoni, maana utachoka na kuzama. Tulia, elea, inua mkono uite msaada. Kama unajua kuogelea, ogelea sambamba na ufuo hadi utoke kwenye mkondo, ndipo urudi na mawimbi.

Mpendwa, si kila palipotulia pana amani. Kuna mkopo usioulizwa maswali mengi. Kuna wakala wa kazi za ng'ambo anayetaka pesa leo na pasipoti yako kesho. Kuna njia ambayo wenzako wote wameikwepa, nawe unasema, "Mungu amenifungulia mlango." Huenda amekufungulia. Lakini uliza kwanza kwa nini hapana watu. Wahenga walisema, maji usiyoyafika hujui wingi wake.

Utaniuliza, "Mchungaji, imani iko wapi? Petro si alitembea juu ya maji?" Soma vizuri Mathayo 14. Petro alikuwa mvuvi, mtu wa ziwa, na bado hakuruka tu kutoka chomboni. Aliomba kwanza aamriwe. Alipoambiwa aje, ndipo akashuka. Na alipoanza kuzama hakuona aibu kupiga kelele. Imani husikia kabla haijakanyaga. Kujaribu maji ili marafiki wakupige picha, hiyo si imani.

Basi viongozi wa vijana, mkifika Pwani tafuteni mwenyeji, muulizeni wapi panaogeleka na saa ngapi. Hesabuni watu kabla ya kuingia na baada ya kutoka. Kijana, ukiambiwa "hapa usiingie," usiseme "mimi nimeokoka." Mama yako yuko Keroka anachuma chai ili upate hiyo nauli. Anataka urudi.

Na wewe ambaye tayari umeshikwa na mkondo, wa deni, wa pombe, wa siri unayoibeba peke yako, acha kushindana kimya kimya. Inua mkono. Niandikie inboksi, au njoo Jumatano kwenye maombi. Yule aliyemshika Petro mkono bado anashika mikono.

Mungu awalinde safarini. Andika AMINA, na umtumie ujumbe huu mzazi ambaye mtoto wake anasafiri.